Ukiumia Safarini: Mwongozo wa Fidia kwa Abiria wa Mabasi ya Njia ya Tabora

Mkulima mmoja wa tumbaku kutoka upande wa Urambo alifika ofisini kwetu, Tabora mjini, akitembelea gongo, bahasha ya kaki kwapani. Ndani mlikuwa na picha ya eksirei ya paja lililowekwa chuma, kadi ya kliniki, na karatasi moja iliyochapwa yenye sahihi yake na dole gumba la mkewe kama shahidi. Karatasi hiyo ilisema amepokea shilingi laki tatu "kama mkono wa pole na malipo ya mwisho", na kwamba hatakuwa na dai lolote juu ya mwenye basi, dereva wala kampuni ya bima, leo wala kesho. Aliitia sahihi siku ya tisa baada ya ajali, akiwa kitandani, kabla daktari hajamwambia kwamba mguu ule utabaki mfupi. Alikuwa na swali moja tu: "Kesi ya dereva iko polisi, sasa fidia yangu inatoka lini?"

Wengi huuliza hivyo hivyo, na ndani ya swali hilo mna makosa mawili yanayowapotezea watu haki zao. La kwanza ni kudhani kesi ya polisi ni kesi ya majeruhi. La pili ni kutia sahihi mapema. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wa kazi: mkulima, mchuuzi wa asali, fundi, mwalimu aliyekuwa akirudi kituoni, na pia dereva na konda wenyewe, maana nao huumia na wana mlango wao. Sheria zinazotajwa ni za Tanzania Bara.

Kesi ya Jamhuri si kesi yako

Dereva akifikishwa mahakamani chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, anayemshtaki ni Jamhuri. Wewe ni shahidi. Akitozwa faini, fedha zinakwenda serikalini. Akifungwa, anakwenda gerezani, na mguu wako unabaki pale pale. Mahakama ya jinai inao uwezo wa kumwamuru aliyetiwa hatiani amlipe fidia aliyeumia, na si vibaya kumwomba mwendesha mashtaka aikumbushe mahakama hilo. Lakini dereva wa basi ni mwajiriwa mwenye mshahara mdogo. Amri ya kulipa mamilioni dhidi ya mtu wa namna hiyo mara nyingi huishia kwenye faili.

Fidia ya kueleweka hutafutwa kwa njia ya madai, dhidi ya dereva pamoja na mwenye basi. Sheria humbebesha mwajiri uzembe wa mtu wake aliyekuwa kazini, na nyuma ya mwajiri ipo bima.

Hata hivyo, kesi ya jinai ina manufaa yake kwako. Dereva akitiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, Sheria ya Ushahidi inaichukulia hukumu hiyo kuwa uthibitisho wa mwisho wa kosa lake, hivyo mzigo mkubwa wa kuthibitisha uzembe unakuondokea. Fuatilia namba ya kesi, jua imepangwa mahakama gani, omba nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Ila usiifanye kuwa sharti la kuanza safari yako. Sheria ya Ukomo wa Muda inakupa miaka 3 tangu siku ya kuumia kufungua madai ya uzembe, na kusubiri kesi ya dereva hakusimamishi saa hiyo. Tumewaona watu waliongoja hukumu ya dereva kwa uvumilivu mkubwa, ikatoka, wakaja wakiwa wamechelewa miezi miwili.

Hapa inafaa kuitazama tiketi kwa jicho la pili. Njia ya Tabora ni ya kale kuliko lami yake. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Ugogo hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo, kisha Ujiji, ilibebwa na mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, wakimfuata kirangozi aliyetangulia mbele. Burton na Speke waliingia Kazeh mwaka 1857 kwa njia hiyo hiyo. Mpagazi alipougua au kuvunjika mguu porini, mzigo wake uligawiwa wenzake, na mara nyingi yeye aliachwa kijiji cha karibu, msafara ukaendelea. Posho yake ilikoma pale pale. Abiria wa leo ana kitu ambacho mpagazi hakuwa nacho, yaani mkataba ulioandikwa. Tiketi ni ahadi ya msafirishaji kukufikisha, na madai ya mkataba yana ukomo wa miaka 6. Wakili akikuta miaka 3 ya uzembe imepita, mlango wa mkataba ndio wa kwanza atakaougonga. Lakini huo uwe mlango wa dharura. Hesabu zako zipige kwa miaka 3.

Karatasi za wiki ya kwanza

Matibabu yanatangulia. Fomu ya polisi namba 3, yaani PF3, inaweza kufuata baada ya kuokolewa maisha, lakini isikosekane. Hutolewa bure. Ina sehemu ya polisi na sehemu ya daktari, na hiyo ya daktari ndiyo inayobeba kesi, kwa kuwa inaandika majeraha yalivyokuwa siku ile ile, si baada ya miezi sita ya kusimulia. Angalia jina lako limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA. Herufi moja iliyokosewa Igunga inaweza kukurudisha Igunga kutoka Kaliua kuja kuirekebisha.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jalada la ajali hukaa katika kituo cha polisi cha mahali ajali ilipotokea. Basi la Tabora likipinduka Mlima Sekenke, jalada liko mkoa wa Singida, hata kama abiria wote ni wa Sikonge. Mkiwa wengi mlioumia, chagueni mmoja wa kufuatilia kwa niaba ya wote, mchangie nauli. Vitu vya kuombwa huko ni ripoti ya ajali, PF 115. Ripoti ya ukaguzi wa gari, PF 93. Mchoro wa eneo la ajali. Na mwishoni taarifa ya kuhitimisha upelelezi, PF 90. Kampuni za bima huziulizia hizi kwa namba zake, na bila PF 90 faili lako litakaa mezani kwao na barua za heshima tupu.

Simu yako, au ya ndugu aliyefika eneo la tukio, ipige picha namba za usajili za magari yote mawili kama yamegongana, hali ya tairi, alama za breki barabarani. Andika majina na simu za abiria watatu ambao hawakuumia sana. Ikiwa suka alikuwa akiovateki kilimani au kwenye kona, mtu aliyekaa viti vya mbele ni shahidi wa thamani kuliko wa nyuma aliyekuwa amelala, na kwa mabasi ya usiku, ambayo yameruhusiwa tena tangu Oktoba 2023, wengi huwa wamelala.

Upo na ushahidi usioonekana kwa macho. Mabasi ya mikoani yamefungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, VTS, kinachosimamiwa na LATRA, Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini. Kifaa hicho hurekodi mwendo, mahali na saa. Basi kubwa lina ukomo wa kilomita 80 kwa saa, na 50 maeneo ya makazi. Kama dereva alikuwa akizidisha kabla ya ajali, rekodi inaweza kuonyesha. Andika barua mapema kwa LATRA na kwa mwenye basi ukiwataka waitunze rekodi ya siku hiyo. Baadaye wakili ataomba mahakama iamuru itolewe. Barua hiyo haina gharama zaidi ya karatasi na muhuri wa kupokelewa. Hakikisha unabaki na nakala yenye muhuri huo.

Nani alipe

Jina lililopakwa rangi ubavuni mwa basi si lazima liwe jina la mmiliki. Mabasi huuzwa, hukodishwa, huendeshwa kwa jina la mtu mwingine. Mmiliki kisheria ni yule aliye kwenye kadi ya gari, na TRA ndiyo yenye kumbukumbu hizo; fanya uhakiki kwa namba ya usajili kabla ya kuandika barua ya madai, usije ukamshtaki marehemu au kampuni isiyosajiliwa. Ukipata majina mawili, la kwenye kadi na la anayeendesha biashara, yaweke yote mawili.

Bima ni ya lazima. Sheria ya Bima ya Magari inakataza gari kuingia barabarani bila bima inayowalinda watu wengine dhidi ya kifo na majeraha, na abiria wa kulipa nauli wamo. Ukisikia konda anasema gari lina "bima ndogo tu", usikate tamaa. Bima ndogo ndiyo hiyo hiyo inayokuhusu wewe; bima kubwa huongeza ulinzi wa gari lenyewe. Stika za siku hizi ni za kielektroniki, na uhalali wake huangaliwa kwenye mfumo wa TIRA, Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, kwa kutumia namba ya gari. Fanya hivyo siku za mwanzo na uhifadhi picha ya majibu.

Ukishinda kesi dhidi ya mwenye basi, sheria inaibana kampuni ya bima iilipe hukumu hiyo, ilimradi ilikuwa imepewa taarifa ya kesi. Kwa hiyo nakala ya notisi ya madai iende kwao kabla hujafungua shauri, na siku unapofungua wapelekee taarifa nyingine. Kesi zilizoshinda mahakamani zikashindwa kulipwa, nyingi zilifia hapo, kwenye taarifa ambayo haikupelekwa. Gari likikutwa halina bima, deni halifutiki. Linabaki kwa mmiliki na mali zake, yakiwemo mabasi yake mengine.

Magari mawili yakigongana, si kazi yako abiria kuamua nani alihama upande wake. Mwaka 2016, mwezi Julai, mabasi mawili ya kampuni moja yaligongana uso kwa uso wilayani Manyoni. Pale mlipaji alikuwa wazi. Lakini basi likigongana na fuso, kila upande utamsukumia mwenzake lawama, na kila kampuni ya bima itakuandikia kwamba mwenye kosa ni yule. Wafungulie wote wawili shauri moja. Mahakama itagawa lawama, wewe utalipwa. Abiria uliyekuwa umekaa kitini hukuchangia ajali, na ukimwacha mmoja nje, yule uliyemshtaki atatumia siku nzima ya ushahidi kumlaumu asiyekuwepo.

Tahadhari moja kwa ajali inayohusisha gari la serikali. Serikali haishtakiwi kama mtu binafsi: lazima itangulie notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri liende Mahakama Kuu. Kwa watu wa mkoa huu ni Mahakama Kuu Kanda ya Tabora. Siku 90 hizo zimo ndani ya miaka yako 3, kwa hiyo anza mapema.

Waliokuwa kazini

Dereva, konda na utingo, pamoja na mfanyakazi yeyote aliyekuwa safarini kwa kazi ya mwajiri wake, wana njia nyingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kupokea michango mwaka 2015. Hapa huhitaji kuthibitisha uzembe wa mtu. Inatosha kwamba uliumia katika kazi. Kuna matibabu, kuna malipo ya asilimia 70 ya mshahara wakati huwezi kufanya kazi, na kuna fidia ya ulemavu wa kudumu. Taarifa ifike ndani ya miezi 12. Mwajiri kutokuandikisha wafanyakazi wake ni kosa lake. Wewe peleka taarifa. Konda asiye na mkataba wa maandishi akusanye ushahidi mwingine wa ajira: miamala ya mshahara kwenye simu, fulana ya kampuni, ushahidi wa wenzake.

Kiasi gani

Hapa ndipo watu wa hali ya chini wanapopunjwa, kwa sababu kipato chao hakijaandikwa popote. Mahakama hutofautisha hasara halisi na fidia ya jumla. Hasara halisi ni kila shilingi uliyotoa au kuikosa, na Mahakama ya Rufani ilishasema tangu miaka ya 1990 kwamba ni lazima itajwe kwa hesabu na ithibitishwe. Dawa, bandeji, nauli ya hospitali ya Kitete kwenda na kurudi, chakula cha ndugu aliyekuuguza, rufaa ya Bugando au ya Taasisi ya Mifupa Muhimbili: risiti zote, hata ya bajaji ukiweza kuandikiwa. Fidia ya jumla ni ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyopungua. Hiyo mahakama hukadiria yenyewe, lakini hukadiria vizuri zaidi ikiona picha kamili.

Mkulima wa tumbaku ana bahati asiyoijua. Mauzo yake yamepita kwenye AMCOS, chama chake cha ushirika, na huko kuna kilo, madaraja na bei kwa kila msimu. Omba taarifa ya misimu mitatu kabla ya ajali na msimu uliofuata. Tofauti kati ya misimu hiyo ndiyo hasara yako, na hakuna wakili wa upande wa pili atakayebishana nayo kirahisi. Mrina asali aliyeuza kwa chama cha wafugaji nyuki afanye vivyo hivyo. Mama lishe wa stendi, ambaye hana kitabu, aandike sasa: alipika kilo ngapi za mchele kwa siku, alinunua kwa nani, aliuza sahani ngapi. Muuza mchele wake wa jumla anaweza kuwa shahidi, na miamala ya simu ya mwaka mzima inaweza kuchapwa.

Ripoti ya ulemavu inafungwa majeraha yakishatulia, si kabla. Mwombe daktari aandike asilimia ya ulemavu na aeleze kwa maneno kazi ambazo hutaweza tena. "Hawezi kuchuchumaa shambani" ni maneno yanayoeleweka na hakimu kuliko neno lolote la kitabibu.

Kama abiria amefariki, wanaodai ni wategemezi: mume au mke, watoto, wazazi. Watahitaji msimamizi wa mirathi, na familia nyingi za Tabora humpata kupitia Mahakama ya Mwanzo, inayotoa Fomu Namba 4. Anzeni na hiyo; ugomvi wa nani awe msimamizi umekula miaka ya madai mengi kuliko ujanja wa kampuni za bima.

Kabla ya kutia sahihi

Rambirambi si fidia. Kupokea pesa ya jeneza au ya dawa kutoka kwa mwenye basi hakufuti dai, mradi karatasi isiseme "malipo ya mwisho". Ukiletewa karatasi yoyote wodini, jibu moja linatosha: iache, nitaisoma nikitoka. Ikiwa imeandikwa kwa Kiingereza, una haki ya kutafsiriwa na mtu wako, si wao. Kampuni ya bima yenyewe, ikikubali kulipa, itakupa hati ya kumaliza madai, na hapo pia sahihi yako inafunga mlango. Ipime dhidi ya ripoti ya daktari kwanza.

Bima wakikataa au wakikaa kimya, peleka malalamiko kwa TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoundwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Ni njia nyepesi kuliko mahakama. Ila kumbuka, barua kwa Msuluhishi haisimamishi ile miaka 3.

Mahakamani

Mahakama ya Mwanzo si mahali pa madai haya. Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi hupokea madai ya fedha yasiyozidi shilingi milioni 200, na unaweza kuchagua kufungulia mahali ajali ilipotokea au mahali mdaiwa anapoishi au kufanya biashara. Kwa abiria wa Tabora aliyeumia Nzega, na kampuni ikiwa Dar es Salaam, chagua Nzega. Mwache mdaiwa asafiri. Kabla ya kusikilizwa kwa ushahidi, mahakama hupeleka shauri kwenye usuluhishi, na mengi huishia hapo kwa makubaliano. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, hivyo usikubali kukaa katika usuluhishi ambao huelewi kinachosemwa.

Wakili mhakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla ya kumpa hata shilingi. Vishoka hukaa karibu na wodi za majeruhi kama walivyokaa zamani karibu na ofisi za ardhi. Makubaliano ya ada yawe kwa maandishi, na fedha za bima ziingie kwenye akaunti unayoijua. Asiyeweza kumudu ada amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Huduma yake haitozwi.

Na mkulima wa Urambo? Tumeandika kupinga ile karatasi ya laki tatu, kwamba ilisainiwa kitandani bila ushauri na kabla ulemavu haujajulikana, na notisi ya madai imekwenda kwa mmiliki na kwa kampuni ya bima. Bima walijibu wakitaka PF 90 na uthibitisho kwamba alikuwa abiria kweli. Tiketi yake ilikuwa ndani ya simu iliyopondeka ajalini. Tulihangaika kwa wiki nzima na orodha ya abiria iliyokuwa na jina lililokosewa, mpaka mkewe alipokumbuka kwamba nauli ililipwa kwa simu. Muamala haukuwa kwenye simu iliyovunjika. Ulikuwa kwenye laini. Duka la mtandao wa simu lilimchapishia taarifa ya mwezi huo, na mstari mmoja ulionyesha tarehe, saa 10:42 alfajiri, kiasi cha nauli, na jina la kampuni iliyopokea.